Mkono wa Kuazima

Kila siku akitoka shule, akishavua sare na kunywa uji wake harakaharaka, Macho alikwenda kwenye banda la babu yake kutia uzi kwenye sindano. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Babu yake alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi, lakini siku hizi macho yake yalikuwa yameingia ukungu ambao hata miwani haikuuondoa, na tundu la sindano, kama alivyopenda kulalamika, lilikuwa limehama bila kuaga. Basi mjukuu wake huyo, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye vidole vyepesi, alikaa kwenye kigoda, akazitia uzi sindano moja baada ya nyingine, kisha akazichomeka kwenye kijimto zikae tayari kwa kazi. "Njoo, Macho yangu," babu alizoea kumwita, na mtaa mzima ukaiga.

Mambo yalikuwa yamefika pabaya. Wiki hiyo babu alikuwa ameshona kaptura ya shule, zipu ikakaa upande wa makalio. Mwenye kaptura alipoangua kilio, babu alimtuliza kwa kumwambia kwamba mitindo mipya ndivyo inavyoanza. Mtoto hakutulia, na mama yake ndiyo kabisa. Wateja wengine wakaja kuchukua vitambaa vyao kimyakimya, na babu akabaki ameshika mkasi, hana cha kukata.

Hata hivyo, ufundi wake hakukubali uchezewe. Alasiri hiyo aliingia mwanamke mmoja na kijana mrefu, akaomba mumewe ashonewe suruali kwa vipimo vya kijana huyo, kwa kuwa mume mwenyewe alikuwa safarini.

"Ni mdogo wake, fundi. Wamelingana kila kitu."

"Walingane wasilingane, mlete mwenye mwili," babu alisema, akaizungusha futi yake ya kitambaa shingoni. "Nikimpima huyu nikamshonea yule, atakayeaibika ni mimi."

Kwenye baraza hilohilo, meza yake ikigusana na cherehani ya babu, alikaa Fundi Saa, rafiki yake tangu wote wawili wakiwa na nywele. Alitengeneza saa, redio na kitu chochote chenye skrubu. Siku hizi chini ya meza yake kulikuwa na jagi kubwa la maji. Alilimaliza kabla ya mchana, akalijaza tena, na katikati alikuwa mguu na njia kwenda msalani uani. Babu alimtania kwamba amegeuka bomba. Tena suruali zake zilikuwa zinampwaya. Babu alikuwa amezipunguza kiunoni si mara moja si mbili.

"Shemeji anakunyima chakula?" babu alimuuliza.

"Nakula kama nimetumwa," Fundi Saa alijibu. "Kosa ni la suruali zako. Zinatanuka."

Sasa, mama yake Macho, ambaye ndiye binti wa babu, alikuwa akifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha mikate. Alipopata nafasi alimpeleka baba yake kwa daktari wa macho. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, na upasuaji mdogo ungemrudishia babu nuru yake. Lakini kwanza apimwe damu, ijulikane sukari yake ikoje, maana sukari ikiwa juu sana kidonda cha jicho hakiponi vizuri. Aende zahanati Jumamosi asubuhi, na tangu usiku asile kitu. Maji tu ndiyo aliyoruhusiwa.

Babu aliposikia habari ya kutolewa damu, alikaa chini. Mtu huyu alikuwa amejichoma vidole kwa sindano maisha yake yote, na alibana pini midomoni huku akisimulia habari za mtaa bila kukosa neno. Lakini sindano ya zahanati ilikuwa jambo jingine.

"Ya kwangu naishika mwenyewe," alieleza. "Ya kwao inashikwa na mtu mwingine."

Ijumaa jioni Macho aliwakuta babu na Fundi Saa wameinamiana wakinong'ona. Wazee wawili waliopungukiwa na masikio wakinong'ona, wanaosikia ni watu wote isipokuwa wao.

"Niazime mkono," babu alikuwa akisema.

"Mkono?"

"Mmoja tu. Wa kushoto. Wenyewe huutumii sana."

"Na mimi nitapata nini?"

"Suruali zako zote nazipunguza bure. Hata ile ya harusi."

Fundi Saa akajikuna kidevu. Sindano hakuiogopa hata kidogo. Alisema aliwahi kung'olewa jino bila ganzi, na halikuwa lile linalouma. Wakapeana mikono, mapatano yakawa yamekwisha: kesho yake Fundi Saa angekaa kwenye kiti cha zahanati na kujiita babu.

"Babu, huo si uongo?" Macho aliuliza.

Babu alimshika mkono. "Macho yangu, nakuomba," alisema. Babu hakuwahi kumwomba mjukuu wake kitu, alizoea kumtuma. Macho akaingiwa na huruma iliyomziba mdomo, akakubali.

Asubuhi mama alimuaga Macho mlangoni kabla ya kwenda zamu. "Usimwache njiani, maana atakutoroka," alimwambia. Laiti angejua kwamba mtoro alikuwa amekwisha kupata mwakilishi.

Njiani walifanya mazoezi. Fundi Saa alitakiwa ayajue majina matatu ya babu na mwaka wake wa kuzaliwa. Majina aliyashika. Mwaka ndio ulimshinda.

"Umeniongezea miaka kumi," babu alinung'unika.

"Ndivyo unavyoonekana."

Walipofika, babu alijibanza nyuma ya gari bovu lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, na Macho akaingia na babu wa kuazima. Chumba cha kutolea damu kilinukia spiriti na sabuni. Palikuwa na kiti chenye egemeo pana la mkono, trei ya vichupa vyenye vifuniko vya rangi, na boksi gumu la njano lenye tundu dogo juu. Mtaalamu wa maabara alikuwa mwanamke mfupi mchangamfu ambaye watoto wa mtaa walimwita Dada Mbu. Jina hilo alilijua na hakulichukia. Alisema tofauti yake na mbu ni kwamba yeye huomba ruhusa na hunawa mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Dada Mbu akanawa, akavaa glavu. "Majina yako kamili, mzee?"

"Si umeyaandika hapo?"

"Yapo hapa. Lakini nataka kuyasikia kwako."

Fundi Saa akayataja yote matatu kwa pumzi moja, kama mwanafunzi anayeogopa kuyasahau, na safari hii hata mwaka aliupata. Dada Mbu akamgeukia Macho. "Huyu ndiye babu yako?"

"Ndiyo, dada," Macho alisema. Alijifariji kwamba kila siku yeye humwita Fundi Saa babu pia. Masikio yake hayakufarijika, yalikuwa ya moto.

Dada Mbu alimfunga Fundi Saa mpira juu ya kiwiko, akaupapasa mkono kwa kidole huku akiimba chinichini puani. "Mshipa huu mtundu," alisema. "Ukiguswa unakimbilia pembeni." Akapasafisha mahali hapo kwa spiriti, na Fundi Saa akainama akapapulizia ili pakauke.

"Usipulize, mzee. Mdomoni mna vijidudu. Sasa nitaanza upya." Akasafisha tena, akangoja pakauke penyewe. Akafungua sindano mpya mbele ya macho yao, akaubana ule mshipa mtundu usikimbie, akachoma. Damu ikaingia kwenye kichupa, akafungua mpira, akachomoa sindano, akaweka pamba. "Bana hapo, usikunje mkono." Sindano akaitumbukiza moja kwa moja kwenye boksi la njano. Kichupa hakukitikisa, alikigeuza juu chini polepole, tena na tena. Kisha, kabla hawajainuka, akaandika lebo akaibandika.

Macho aliiona lebo hiyo. Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Jina la babu yake lilikuwa limekaa juu ya damu ya mtu mwingine.

Siku chache baadaye, mama alikuja bandani bado ana unga wa mikate kwenye nyusi.

"Baba, zahanati wamepiga simu. Sukari yako imepanda vibaya. Upasuaji umesimamishwa. Alhamisi asubuhi urudi wakupime tena wahakikishe, na ikibaki hivyo huenda ukaanza kuchomwa sindano kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku, baba."

Fundi Saa, pale mezani kwake, alicheka mpaka kioo cha kukuzia alichokibana jichoni akitengeneza saa kikamdondoka.

Tangu saa hiyo babu aliyaona. Kopo la sukari lilifichwa. Chai aliletewa bila sukari, chungu kama adhabu. Soda zake, asali yake na pakiti ya biskuti aliyokuwa ameihifadhi ndani ya mfuniko wa cherehani, vyote mama alivigundua akaamuru viondolewe. Babu, ambaye hata kipande cha kitambaa hatupi, alivihamishia meza ya jirani. "Kula wewe mwenye afya," alimwambia Fundi Saa kwa uchungu. Fundi Saa hakuhitaji kubembelezwa.

Jumatano alasiri Macho alikuwa kwenye kigoda chake na uzi mkononi. Akamwona Fundi Saa akimaliza chupa ya soda. Akamwona akiliinua jagi la maji. Akamwona akiinuka kwenda uani, mkono mmoja umeshikilia suruali, ileile ambayo babu alikuwa ameipunguza Jumapili kulipa deni la mkono. Tayari ilikuwa inamwanguka.

Shuleni mwalimu wa afya alikuwa amewafundisha: kiu isiyokwisha, kukojoa kila mara, kukonda na huku unakula. Macho aliyaandika hayo kwa mtihani, akapata alama zote, kisha akayasahau. Sasa yalimrudia yote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo alijichoma kidole.

"Babu," alisema polepole. "Ile damu ya Jumamosi haikuwa yako."

"Najua haikuwa yangu, ndiyo maana nashangaa wananinyima sukari wakati..." Mguu wa babu ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

Fundi Saa alikuwa amerudi na alikuwa anafungua chupa ya pili. Babu aliruka kama kijana, akaipokonya kabla haijafika mdomoni.

"Una nini wewe?"

"Imepita muda wake," babu alisema, akaimwaga mtaroni.

Fundi Saa akaenda zake nyumbani amenuna. Babu alibaki na Macho, wakiwa wamekaa bila kushona.

"Kesho nakwenda mwenyewe," babu alisema mwishowe. "Nitajikaza kisabuni. Damu yangu itaonekana safi, watasema mashine yao ilikosea. Mambo yataisha bila aibu. Huyu nitamwambia akapime siku moja."

"Siku gani, babu?"

"Siku moja."

"Na akianguka kabla ya siku hiyo?"

Babu akaanza kuhesabu pini zake. Alijua jibu, na Macho alijua kwamba analijua.

Alhamisi Macho aliombewa ruhusa shuleni, wakaenda. Babu alikaa kwenye kile kiti, jasho linamtoka. Akataja majina yake, na kabla Dada Mbu hajapasua hata mfuko wa sindano, babu akachomoa yake kwenye ukosi wa shati.

"Binti, kama ni lazima, tumia hii. Mimi nayo tumezoeana."

"Mzee, yangu haijawahi kumgusa mtu, na baada yako haitamgusa mwingine. Ya kwako imeshona suruali za watu wangapi?" Akamfunga mpira, akaanza kupapasa huku akiimba puani. Wimbo ukakatika. Akapapasa tena. Akauangalia mkono wa pili. "Mzee, mimi sura za watu nazisahau kabla sijala chakula cha mchana. Mishipa siisahau. Ule wa Jumamosi ulikuwa unakimbia. Huu umetulia kama ng'ombe aliyeshiba."

"Uzee, mwanangu," babu alisema kinyonge. "Unatuliza mtu."

Dada Mbu hakucheka. Alimtazama Macho, akangoja.

Macho alikuwa na njia ya kukaa kimya. Mashine ingebebeshwa kosa, babu angepasuliwa macho, na hakuna ambaye angemgombeza. Lakini alikuwa akiiona ile suruali inayoanguka. Akamwaga mtama wote.

"Dada, damu ya Jumamosi ni ya Fundi Saa. Mimi ndiye niliyesema ni babu yangu, nilidanganya. Na anakunywa maji mengi mno, anakonda, na jana alikunywa soda ya babu."

Dada Mbu akaufungua ule mpira. "Yuko wapi sasa hivi?"

"Barazani."

"Kimbia."

Macho alikimbia mpaka ndala moja ikabaki nyuma. Alimkuta Fundi Saa ameegemeza paji la uso mezani, katikati ya magurudumu ya saa aliyoifungua, na kioo bado kiko jichoni. "Nimechoka tu," alisema, na ulimi wake ulikuwa mkavu hata maneno yalishikana. Mteja mmoja aliyekuwa akingoja redio yake alisaidia kumpakia kwenye mkokoteni wa muuza maji. Njia nzima Fundi Saa alilalamika kwamba anabebwa kama gunia mbele za watu, lakini sauti yake ilikuwa inafifia, na Macho, akisukuma huku anahema, aliomba moyoni azidi kulalamika.

Zahanati walimchoma kidole, kijimashine kikasoma, na Dada Mbu akamwita nesi kwa sauti ambayo Macho hakuwahi kuisikia kwake. Akalazwa, akawekewa dripu na kupewa dawa. Daktari alitoka baadaye akasema mzee amewahi. Angebaki barazani na soda zake siku nyingine moja, pengine angepoteza fahamu na asizinduke.

Babu alikuwa kwenye benchi la nje. Alilia wazi bila kujificha. "Nilimpa kwa mikono yangu," alisema. "Nikamwambia ale, yeye mwenye afya." Macho naye akalia, akamshika mkono, wakakaa hivyo.

Kisha babu akajifuta uso kwa ile futi yake ya kitambaa, akaingia chumbani bila kuitwa, akakaa kitini na kunyoosha mkono. Akataja majina yake matatu na mwaka wake. Akafumba macho. "Uniambie ukianza, mwanangu."

"Nimeshamaliza, mzee. Bana pamba."

Babu akafumbua jicho moja. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

Alionekana kama aliyeibiwa. Miaka yote ya woga kwa kitu kidogo namna hiyo. Kisha akaiona sindano ikiingia kwenye boksi la njano. "Na mbona unaitupa? Mpya kabisa hiyo."

"Ikishaingia kwenye damu ya mtu mmoja kazi yake imekwisha. Ikimchoma mwingine inaweza kumhamishia ugonjwa." Babu akatikisa kichwa kwa masikitiko ya fundi.

Dada Mbu akakiinua kichupa kabla hajakibandika lebo. "Njooni mtazame, wote wawili. Niambieni hii ni damu ya nani."

Wakatazama. "Ni nyekundu tu," Macho alisema.

"Zote ni nyekundu. Mimi nanawa, navaa glavu, nafungua sindano mpya, naandika lebo mgonjwa akiwa mbele yangu. Kazi hiyo yote inategemea kitu kimoja ambacho siwezi kukinunua dukani: mtu aniambie ukweli. Mkinidanganya jina, dawa ya mgonjwa anapewa mzima, na mgonjwa anapewa soda."

Babu aliinamisha kichwa. "Mlete mwenye mwili," alisema taratibu.

"Unasemaje, mzee?"

"Wateja wangu huwa nawaambia hivyo. Nawafokea kabisa."

Dada Mbu akaandika lebo, akaibandika, kisha akamgeukia Macho. "Wewe nimekukasirikia, maana ulichelewa kusema, na kumhurumia babu hakukufanya uongo uwe kitu kingine. Lakini ulisema wakati ungeweza kunyamaza. Ndiyo maana yule bwana yupo pale." Kutoka chumba cha pili walimsikia Fundi Saa akibishana na nesi kuhusu suruali yake ilipowekwa.

Mama aliwanunia wote wawili mpaka mwisho wa mwezi, na walistahili. Sukari ya babu ilikutwa sawa, akapasuliwa jicho moja, kisha la pili. Siku aliyorudi bandani alitia uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza, akaivua miwani iliyokuwa haina kazi tena, na yule mwenye kaptura akatengenezewa zipu yake bure. Fundi Saa alijifunza kula kwa mpangilio na kumeza dawa zake kwa saa, na saa hakukosa. Akanenepa kidogo, suruali zote zikambana, ikabidi babu azifumue zile zote alizozipunguza.

Jumamosi moja asubuhi ilifika zamu ya Fundi Saa kurudi zahanati kutolewa damu. Alijinyoosha kitini kwa uvivu. Jua lilikuwa kali na redio ya mteja ilikuwa imefunguliwa nusu.

"Jirani," alimwambia babu. "Siku hizi unajisifu huogopi sindano. Niazime mkono."

Babu aliweka mkasi chini. Akamtazama rafiki yake kwa macho yake mawili safi, kuanzia kofia hadi viatu, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Macho yangu, mpeleke huyu. Na ukifika, mwambie Dada Mbu auangalie mshipa kwanza."